Mzee Ojwang', Mkikuyu Aliyevaa Sura ya Mjaluo

Kikambala ni mji mdogo wa pwani, kando ya barabara kuu iendayo Malindi kutoka Mombasa, mtu akisha kuvuka Mtwapa na kabla hajafika Kilifi. Wenyeji wake wengi ni Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda. Zamani, televisheni zilipokuwa chache, penye televisheni moja palikusanyika watu wa nyumba nyingi, na mchezo mmoja uliowavuta hata kuliko taarifa ya habari uliitwa Vitimbi. Mtu waliyemngojea humo ni mzee wa Kijaluo, jina lake Ojwang', mume wa Mama Kayai, mwenye maneno mengi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kudanganyika. Kisumu ni mbali sana na Kikambala. Walakini mzee yule alijulikana pwani kama jirani wa mlango wa pili.

Basi mwezi wa Julai 2015, zilipokuja habari za kifo chake, wengi walistaajabu kusikia kwamba Ojwang' hakuwa Mjaluo hata kidogo. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu.

Mtu asiyeijua kazi ya kuigiza aweza kudhani kuwa jambo hilo ni dogo. Hebu msomaji afikiri. Mgeni atokaye bara akija Kikambala na kutaka kuwachekesha watu kwa kujifanya mzee wa Kigiriama, atafanya nini? Pengine amesikia kwamba Mgiriama huyaita maji “madzi”, na jina huliita “dzina”. Atayasema hayo mawili, na watu watacheka kidogo. Akiendelea kwa saa nzima watanyamaza, maana maneno mawili si mtu. Akirudi juma la pili na mchezo ule ule, huenda wakakasirika, kwa sababu wataona kwamba hakuja kuigiza, bali kudhihaki.

Kazi ya Bwana Wanjau ilikuwa ngumu kuliko hiyo. Mkikuyu anayesema Kiswahili ana makosa yake ya kuzaliwa nayo: huchanganya “l” na “r”, hata kulala kukawa “kurara”, na mbele ya “b” huweza kuingiza “m”, hata barabara ikawa “mbarabara”. Mjaluo makosa yake ni mengine kabisa. Lugha yake haina “sh” wala “z”, kwa hiyo shamba huwa “samba”, na zawadi huwa “sawadi”. Mwigizaji wetu alipaswa kwanza kuyaficha makosa ya kwao, kisha kuyavaa makosa ya wengine, tena ayavae hivi kwamba yaonekane yamekaa kinywani mwake tangu utoto. Kuiga Kiswahili safi ni kazi ya shule. Kuiga Kiswahili kibovu cha watu wengine, bila ya kuwachukiza wenyewe, ni kazi ya mwenye kipawa.

Alianza kuonekana katika michezo ya Sauti ya Kenya katika miaka ya 1980, kwanza katika Darubini, na baadaye katika Vitimbi, mchezo uliompa sifa. Mwaka 1989 Sauti ya Kenya ikageuka kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Jina la wenye mitambo likabadilika, Ojwang' hakubadilika. Mama Kayai aliigizwa na Bi. Mary Khavere, na ugomvi wao ulikuwa wa kweli machoni pa watazamaji hata wako walioamini kwamba wale ni mume na mke hasa. Hawakuwa hivyo. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake.

Yafaa kukumbuka ni katika nchi gani alifanya hayo. Wakikuyu na Wajaluo waligombania siasa tangu miaka ya 1960. Mwaka 1969 Tom Mboya aliuawa Nairobi, na chuki ikazidi. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, watu waliuawa na kufukuzwa majumbani mwao kwa ajili ya majina yao na makabila yao. Miaka yote iliyotangulia ghasia hizo, Mkikuyu mmoja alikuwa akiingia katika nyumba za Wajaluo kwa njia ya televisheni, amejifanya mzee wao, nao hawakumfukuza. Walimcheka kama vile watu wamchekavyo mjomba wao. Haisemwi hapa kwamba mchezo ulizuia vita, haukuzuia. Lakini ni vigumu kutaja Mkenya mwingine wa siku zile aliyepewa ruhusa kama hiyo bila ya kuiomba.

Huko Uingereza waigizaji wa namna yake wamekuwako wengi, na mmoja aliyesifiwa sana ni Alec Guinness. Mwaka 1949, katika filamu moja tu, aliigiza watu 8 wa ukoo mmoja, mmoja wao mwanamke. Bwana Wanjau alifanya kinyume: alimchukua mtu mmoja akakaa naye miaka mingi, hata mtu yule akammeza. Mwenzake wa Tanga, Amri Athumani, aliyejulikana kwa jina la King Majuto na ambaye kanda zake zilipendwa sana pwani yote, yeye hakuhitaji kuvaa ulimi wa kabila lingine. Alikuwa mzee wa pwani akiigiza mzee wa pwani. Kila mmoja ana njia yake, ila njia ya Wanjau ndiyo iliyokuwa na hatari zaidi.

Tofauti kubwa kati ya Nairobi na London haikuwa katika kipawa, ilikuwa katika karatasi. Guinness alifanywa Sir mwaka 1959. Alipoigiza katika Star Wars, filamu ya mwaka 1977, mkataba wake ulimpa sehemu ya mapato, na sehemu hiyo ikamtajirisha mpaka alipofariki mwaka 2000. Maana yake ni kwamba kila filamu ilipoonyeshwa, mwenyewe alikula. Mwigizaji wa televisheni ya Kenya katika siku za Ojwang' alilipwa ujira wa siku ya kazi. Mchezo ukirudiwa mara tano, watazamaji walicheka mara tano, yeye alikuwa amekwisha lipwa mara moja. Karani yeyote anayejua tofauti ya kibarua na mwenye malipo ya uzeeni ataelewa jambo hilo bila ya kuelezwa zaidi.

Matokeo yake yalionekana hadharani. Katika miaka yake ya mwisho macho yake yaliingia kiza, naye hakuwa na fedha za kutosha za matibabu. Mtu aliyechekesha nchi nzima akalazimika kungoja nchi imchangie. Kwa bahati nchi ilimchangia: watu wa kila kabila walitoa walichoweza, akapasuliwa macho. Ni jambo la kuwasifu waliotoa, na la kuwauliza waliopanga malipo.

King Majuto naye aliugua, akapelekwa India kutibiwa, akafariki tarehe 8 Agosti 2018 katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Bwana Wanjau alifariki Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, kwa ugonjwa wa mapafu. Umri wake ulikuwa miaka 78. Magazeti yalipoandika jina lake la kweli, yalilazimika kuliandamanisha na lile la Ojwang', kwani bila ya hivyo wasomaji wengi, Kisumu na Kikambala pia, wasingalijua ni nani aliyekufa.