Kabla hujaagiza "dawa": usiku wangu peke yangu kaunta

"Wasubiri mtu, dada?" mhudumu aliniuliza. Nikamwambia hapana, ni mimi tu. Akaiondoa ile glasi ya pili polepole, kwa uso wa mtu anayetoa pole.

Ilikuwa Jumamosi, likizo ya Agosti. Wanangu walikuwa wamekwenda Malindi kwa baba yao, na nyumba yangu ya Mji wa Kale ilikuwa kimya hadi nasikia friji ikinguruma. Tangu nipewe talaka, miaka minne sasa, sikuwahi kutoka usiku ila kwa harusi, matanga au hospitali. Nikavaa buibui jipya, nikachukua tuktuk, nikavuka daraja la Nyali hadi hoteli moja ya ufuoni. Niliyojifunza usiku ule, na siku nyengine zilizofuata, ndiyo nataka kuyaeleza hapa, kwa sababu kina dada kadhaa wameniuliza kwa sauti ya chini, kama wanaoulizia jambo la aibu.

Kwanza, usikae mezani. Meza ya watu wanne ukiketi peke yako, viti vitatu vitupu vinakutazama usiku kucha. Kaa kaunta. Pale kila mtu ameelekea upande mmoja, hakuna anayekuuliza mwenzio yuko wapi, na mbele yako pana mtu anayefanya kazi ya kupendeza kutazama. Mimi nilihama baada ya dakika kumi, na usiku wangu ukaanza hapo.

Najua wapo wasomaji wanaosema mahali panapouzwa pombe hapafai kuketi hata ukinywa maji. Siwabishi. Mwenye msimamo huo ana Mama Ngina: upepo upo, madafu yapo, viazi karai vipo. Lakini tunaalikwa harusi, semina na mikutano kwenye hoteli hizo hizo, kwa hivyo kujua kilichomo ndani ya glasi kunamhusu kila mtu.

Kokteili nyingi, ziwe na pombe au zisiwe nayo, hujengwa kwa kanuni moja: kitu kichachu kama ndimu, kitu kitamu kama shira au asali, harufu ya nanaa au tangawizi, na barafu nyingi. Ukiitoa pombe, ile mizani ya uchachu na utamu inabaki. Ndiyo maana kinywaji kizuri kisicho na pombe si soda iliyochomekwa mwavuli wa karatasi. Na kule kutikisa kopo la chuma juu ya bega si mbwembwe tupu. Barafu inapogongana na kinywaji hukipoza upesi, na maji yanayoyeyuka hupunguza ukali wa ndimu. Chenye soda hakitikiswi, gesi italifumua kopo. Soda hutiwa mwisho. Nikimtazama kijana yule nilimkumbuka mama na sharubati yake ya ukwaju mwezi wa Ramadhani: anatia sukari, anaonja, chumvi chembe, maji kidogo, anaonja tena. Kazi ni ile ile, ila mama hafungi tai.

Sasa hili la dawa. Nyumbani, dawa ni kikombe cha maji moto, tangawizi, ndimu na asali, hupewa mwenye mafua. Mikahawa mingi mjini inauza hiyo hiyo. Lakini kwenye baa za Kenya kuna dawa nyengine, ya baridi: vodka, vipande vya ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichochovywa kwenye asali cha kukorogea. Ilipata sifa katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi, uliofunguliwa 1980, na sasa utaikuta kwenye hoteli nyingi za watalii huku pwani. Jina moja, vitu viwili, na vodka haina harufu kubwa ya kukuonya. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye semina ya walimu katika hoteli nisiyoitaja, nilikuwa na kikohozi nikaagiza dawa. Ikaja kwenye glasi fupi yenye barafu. Nilikuwa nimeshaifikisha mdomoni ndipo mwalimu mwenzangu wa bara akanishika mkono. Mhudumu hakuwa na ubaya, aliniletea nilichotamka. Tangu siku hiyo nasema maneno yote: dawa ya moto, isiyo na vodka.

Mtego wa pili ni mdogo kuliko huo na wengi hawaujui. Kwenye kaunta kuna kichupa chenye karatasi kubwa kuliko chupa yenyewe, Angostura, dawa chungu ya mitishamba kutoka Trinidad. Hutiwa matone mawili matatu, wakati mwengine hata kwenye vinywaji vilivyoandikwa kuwa havina pombe. Pombe yake ni kiasi cha asilimia 45. Mwambie kijana asitie, hatakasirika. Mwombe pia alisuuze kopo kabla ya kukutengenezea.

Mimi huagiza piña colada bila ramu. Ni kinywaji cha Puerto Rico, walikitangaza kuwa cha taifa lao mwaka 1978, lakini ukitoa ramu unabaki na nanasi na nazi, vitu ambavyo hakuna wa kutufundisha. Mojito bila ramu nayo ni ndimu, nanaa, sukari na maji ya soda. Glasi moja nililipa shilingi 650. Ghali, ndiyo. Nilikunywa mbili kwa saa mbili.

Glasi yako isikutoke machoni. Ukienda msalani, ukirudi agiza nyengine. Habari za kutiliwa "mchele" si za Nairobi pekee. Kaa pale kijana wa kaunta anapokuona. Bwana mmoja alinisogelea akitaka kuninunulia kinywaji. Nikamwambia ahsante, nimekuja kujipumzisha. Alipotaka kuendelea, kijana akamuuliza yeye anywe nini, na maneno yakaishia hapo.

Kumbe yule mhudumu wa kwanza ni mtoto wa mtu wa Kibokoni. Jumapili, kabla ya adhuhuri, mama akapiga simu, hata salamu hakutoa.

"Nasikia jana ulikuwa baa."

Nikamwambia nilikuwepo, nimekunywa nanasi na nazi, na saa nne na nusu nilikuwa kwangu, kwa teksi niliyolipa mwenyewe. Akanyamaza kwa muda mrefu.

"Siku nyengine niambie mimi kwanza," akasema. "Nikiulizwa mtaani niwe na la kujibu."

Sasa humpigia kabla sijatoka. Mara ya mwisho aliniuliza kama hiyo nazi huikuna au ni ya kopo. Nikamwambia ni ya kopo, akasikitika sana.