Fahamu: Kasi unayouziwa na kasi unayoitumia

Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchini, Dodoma ikiwemo. Nyaya zilitengenezwa, lakini swali la msingi bado lipo: njia ikiwa nzima, tunaitumia kwa kiasi gani? Kipimo ni data iliyopita kwa sekunde, igawanywe kwa uwezo wa njia. Chukua laini ya megabiti 100 kwa sekunde. Kompyuta ikituma kilobaiti 64 kisha ikasubiri jibu kutoka Ulaya kwa milisekunde 150, itapitisha takriban megabiti 3.5 tu kwa sekunde. Zaidi ya asilimia 96 ya njia inakaa bure, na bili inalipwa yote.

Wapo watakaosema vifaa vya kisasa hutuma data nyingi zaidi kabla ya kusubiri. Ni kweli, ila pakiti zikipotea, kwa mfano kwenye Wi-Fi iliyosongamana, mara nyingi vifaa hivyo hupunguza kiasi hicho. Vipimo vya kasi navyo huficha tatizo, maana kwa kawaida hutumia seva ya karibu na kufungua miunganisho mingi kwa mpigo. Kwa hiyo, ukipima, chagua seva ya mbali na muunganisho mmoja, kisha linganisha na ulicholipia.