Simu Iliyomeza Redio, Saa na Tochi

Hebu fikirieni nyumba ya miaka ya 1990, ile ambayo wazazi wetu hutusimulia. Mezani palikuwa na redio ya kaseti, ukutani saa na kalenda, kabatini tochi ya betri mbili, na katika mkoba wa mwanafunzi kalkuleta. Mwenye kamera aliheshimiwa mtaa mzima. Asiye na simu alipanga foleni kwenye kibanda, sarafu mkononi. Leo vyote hivyo vimo ndani ya kitu kimoja kinachoenea kiganjani. Nataka kueleza viliingiaje humo, kisha nitaje jambo moja ambalo tunalisahau tunapoisifu simu.

Kwanza kabisa, mbona vifaa hivyo havikuunganishwa tangu hapo? Sababu ni kwamba kila kimoja kilikuwa na njia yake ya kufanya kazi. Kaseti ilihifadhi sauti kwa sumaku juu ya utepe. Kamera ilihifadhi picha kwa kemikali juu ya filamu, nayo filamu ilisafishwa gizani. Saa ya mishale iliendeshwa na magurudumu madogo yenye meno. Hata redio ya kaseti ilikuwa mashine mbili zilizotiwa katika sanduku moja, basi.

Kilicholeta mapinduzi ni nambari. Sauti inaweza kupimwa mara nyingi kwa sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kama nambari. Katika diski ya CD, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde! Picha nayo hugawanywa katika vidoa vidogo viitwavyo pikseli, na rangi ya kila kidoa ikapewa nambari zake. Maandishi ni vivyo hivyo, na ramani pia. Yote yakishakuwa nambari, kompyuta moja ndogo huyashughulikia yote. Kwake wimbo na picha ni hesabu tu. Kilichobaki ni kuipa kompyuta hiyo sikio, jicho na mdomo, yaani maikrofoni, lenzi na spika. Kalkuleta na kalenda hazihitaji hata hayo, kwani ni programu tupu.

Hata hivyo, safari yenyewe haikuwa ya siku moja. Mnamo Aprili 1973, Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama katika barabara ya New York akapiga simu ya mkononi iliyokuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Simu hiyo ilijua kuongea tu. Mwaka wa 1994 kampuni ya IBM ilianza kuuza Simon, simu iliyokuwa na kalenda, kalkuleta na skrini ya kugusa, lakini betri yake ilimaliza chaji baada ya saa moja hivi ya mazungumzo. Mwaka wa 2000 Wajapani waliuziwa simu ya Sharp yenye kamera. Mnamo 2003 ikaja Nokia 1100 yenye tochi. Simu za aina hiyo sisi Wakenya tulizibatiza jina la mulika mwizi. Kisha ukafika mwaka wa 2007. Januari, Steve Jobs alionyesha iPhone, iliyounganisha simu, mziki na intaneti. Machi, hapa kwetu Kenya, M-Pesa ikaanza, na mkoba wa pesa nao ukaingia ndani ya simu.

Faida zake hazina kifani. Anayeweza kununua simu moja hahitaji tena kununua vitu vinane. Lakini kama wasemavyo wahenga, hakuna masika yasiyokuwa na mbu.

Jambo ninalotaka tulitafakari ni hili: vitu vinane vingeweza kugawanywa, simu moja haigawanyiki. Zamani baba alisikiliza habari redioni, mama akapika kwa mwanga wa tochi, na mtoto akafanya hesabu kwa kalkuleta, wote kwa wakati mmoja. Kwetu nyumbani tuko watu watano na simu ya skrini ni moja, ya mama. Jioni stima zikipotea, yeye anaitaka imulike jikoni, ndugu yangu anataka kusikiliza mpira, nami nataka kusoma maswali ambayo mwalimu ametuma. Hapo ni mvutano, na mwenye simu ndiye mshindi. Asubuhi mama akienda kazini, anaondoka na redio, tochi, saa, kalkuleta na kamera ya nyumba nzima. Chaji ikiisha, vyote vimezimika pamoja. Simu ikiibwa, hata nambari za jamaa zimekwenda nayo.

Isitoshe, sisi wanafunzi tuna sababu nyingine. Katika chumba cha mtihani wa KCSE simu ni marufuku kabisa, lakini kalkuleta ya kawaida inaruhusiwa katika karatasi za Hisabati. Mwanafunzi aliyezoea kukokotoa kwa simu ya nyumbani ataishika kalkuleta siku hiyo kama mgeni, huku dakika zinayoyoma.

Sisemi tuzitupe simu, la hasha! Nasema kwamba vile vifaa vidogo vya bei nafuu visitupwe. Tochi ibaki jikoni, redio ibaki mezani, saa ibaki ukutani, kalkuleta iwe mkobani, na nambari muhimu ziandikwe katika daftari. Familia yenye simu nyingi haitaona uzito wa neno hili, lakini yenye simu moja itanielewa upesi. Usiache mbachao kwa msala upitao.