Prosesa za kukodi: uliza kabla ya kulipa

BUJUMBURA. Mzigo unaotoka bandari ya Dar es Salaam kuja Bujumbura hutanguliwa na nyaraka zake. Utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza mwaka 2014 unataka tamko la forodha lifanywe na kodi ilipwe mzigo ukiwa bado bandarini, na kwa upande wa Burundi kazi hiyo hupita kwenye ASYCUDA World, mfumo uliotengenezwa na UNCTAD. Kompyuta ya wakala ikikwama huku ankara na orodha ya bidhaa hazijakamilika, lori linasubiri na gharama zinamwangukia mwenye mzigo.

Wakala au duka lisilotaka kununua seva yake linaweza kukodi mashine pepe, yaani sehemu ya kompyuta kubwa iliyogawanywa kwa programu. Hapo ndipo mteja huambiwa neno tamu: kwa nyongeza kidogo, atatengewa prosesa nne ambazo jirani hatazigusa.

Ahadi hiyo inaweza kuwa ya kweli. Inategemea mashine hiyo inaendeshwaje. KVM, iliyoingia katika Linux Februari 2007, huiacha mashine pepe itumie prosesa halisi moja kwa moja. QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, inaweza pia kuigiza prosesa nzima kwa programu tupu, ikitafsiri kila amri kabla ya kuitekeleza. Inafanya kazi, ila polepole mno.

Kwenye uigizaji, kutenga prosesa hugeuka mchezo wa maneno. Ni kama kulipia wapagazi wanne pale soko la Ruvumera, Buyenzi, kumbe mpagazi ni mmoja, anabeba gunia hili kidogo, anatua, anashika lile. Kwa miaka mingi QEMU iliigiza hivyo hivyo: prosesa zote pepe za mashine moja zilipokezana katika mkondo mmoja wa kazi. Ukiamuru kila moja ikae kwenye prosesa yake halisi, hapakuwa na cha kukalisha.

Kwa sababu hiyo libvirt, programu inayosimamia mashine hizi, iliwahi kuwekewa kizuizi: agizo la namna hiyo lilirudishwa na ujumbe wa kosa. Mwongozo wa OpenStack nao unaeleza utengaji huo kuwa ni wa libvirt pamoja na KVM. Fundi aliyezoea kujaza fomu na kuendelea huenda aliona usumbufu, lakini bora programu inayokataa waziwazi kuliko inayopokea agizo na kukaa kimya, mteja akiendelea kulipia hewa.

Toleo la QEMU 2.9 la mwaka 2017 lilileta uwezo wa kuipa kila prosesa pepe mkondo wake. Gharama ya kutafsiri amri ilibaki palepale.

Uigizaji hauingii kwa hila kila mara. Seva ya mtumba inaweza kuwa na uwezo wa KVM huku swichi yake imezimwa kwenye mipangilio ya kuwashia kompyuta. Au mtoa huduma mwenyewe amekodi mashine pepe kwingine, naye anakata vipande ndani yake bila kupewa uwezo huo.

Kabla ya kusaini, mfanyabiashara amuulize muuzaji: mashine hii inaendeshwa na KVM au inaigizwa? Kwenye seva ya Linux, fundi anaanza kwa kutazama kama faili la /dev/kvm lipo. Lisipokuwepo, KVM haitumiki hapo, na muuzaji aeleze nyongeza ya prosesa zilizotengwa inalipia nini.