Makala Mia za Skauti: Kati ya Andiko la Mradi na Skrini ya Simu

Maandiko ya miradi ya kuandika habari za skauti kwenye kamusi elezo za mtandaoni hufanana mno. Karibu kila moja huahidi makala kwa kila nchi yenye skauti, na nchi na maeneo hayo sasa yamepita 170. Juu ya hapo huongezwa historia ya harakati yenyewe tangu kambi ya kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Jamborii za dunia tangu ile ya kwanza ya London mwaka 1920. Sare, beji na alama. Tawi la wasichana. Na, mradi ukiwa wa toleo la Kiswahili, vikundi vya Afrika Mashariki mkoa kwa mkoa. Muda ni miezi sita, ukirefuka sana mwaka mmoja. Watendaji ni watu wa kujitolea: wanafunzi wa vyuo, walimu wanaosimamia skauti shuleni, wahariri wazoefu wawili watatu, na mara nyingi mstaafu mmoja ambaye skafu yake ina umri mkubwa kuliko wenzake wote.

Haya si maneno ya kuhadaa. Aliyeandika alipiga hesabu na hesabu ikakubali: watu 20, makala moja kwa wiki kwa kila mtu, wiki 26, jumla makala 520. Akapunguza nusu kwa tahadhari, akapunguza tena, akaandika 100, akaona amekadiria kwa kiasi. Kisichomo kwenye hesabu hiyo ni tabia ya kazi za kujitolea mtandaoni, inayojulikana na kila aliyewahi kuzisimamia: wachache huandika sehemu kubwa, na wengi huhariri siku ya kwanza kisha hawaonekani tena. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Mtu ametoa siku yake. Ila mpango uliomhesabu kwa wiki 26 umeshapungukiwa wiki 25 kabla chai ya semina haijapoa.

Tarehe ya mwisho nayo huchaguliwa kwa kufuata kalenda ya skauti badala ya ratiba ya waandishi. Inayovutia zaidi ni 22 Februari, siku aliyozaliwa mwasisi wa skauti mwaka 1857, ambayo ndiyo aliyozaliwa mkewe pia, mwaka 1889. Afrika Mashariki siku hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa mwasisi huyo alimalizia maisha yake Nyeri, akafariki huko Januari 1941, na kila mwaka skauti hukusanyika kwenye kaburi lake. Kutangaza siku hiyo kwamba kazi imekamilika kunapendeza. Lakini ina maana kwamba miezi ya kumalizia ni Desemba na Januari. Desemba watu husafiri kwenda kwao; Januari shule hufunguliwa, mwalimu yuko kwenye ratiba na mzazi yuko kwenye ada. Basi wiki mbili za mwisho hupokea makala kwa mafungu, nyingi zikiwa hazijapitiwa na jicho la pili.

Ujenzi huanza na semina: ukumbi wa shule au wa maktaba, projekta, vitafunwa, kompyuta chache na simu nyingi. Hapa kuna vikwazo ambavyo andiko la mradi halivitaji. Kamusi elezo kubwa huweka kikomo cha akaunti zinazoweza kufunguliwa kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, kwa kawaida 6, ili kuzuia matumizi mabaya. Watu 30 wakiwa kwenye waifai moja, wa saba anakataliwa, na asubuhi nzima inakwisha watu wakiazimana simu. Dawa ipo, nayo ni kuomba kikomo kiondolewe siku kadhaa kabla, lakini anayeijua ni yule mhariri mzoefu ambaye hakuitwa mpango ulipokuwa unaandikwa. Anayeacha waifai na kutumia bando lake hukutana na jingine: kampuni za simu hugawa anwani moja kwa wateja wengi, na mharibifu mmoja akizuiwa, wasio na kosa huzuiwa pamoja naye.

Baada ya siku hiyo makala huanza kuonekana, tena kwa mfuatano unaotabirika. Zinazotangulia ni zile ambazo tayari zipo katika lugha nyingine: Brownsea, mwasisi, ahadi ya skauti, salamu ya vidole vitatu, jamborii. Kisha hufuata nchi, kila moja kwa sentensi tatu: skauti wa nchi hiyo walianza mwaka fulani, wanachama ni kadhaa, makao makuu yako mji mkuu. Wahariri wa Kiswahili huiita makala ya namna hiyo mbegu, na si tusi, kwa kuwa inampa mwingine mahali pa kuanzia. Shida huja pale ripoti inapohesabu mbegu na makala kamili kwa namba moja. Katika lugha zenye wahariri wengi, miradi ya aina hii ina ngazi za ubora, na kila makala hupewa ngazi yake, kwa hiyo anayesoma ripoti anajua nini kimejengwa hadi paa na nini kimeishia msingi. Kwetu ngazi hizo hutumika kwa nadra. Mia ni mia.

Kinachobaki nyuma mara nyingi ndicho msomaji wa Kiswahili alichokuja kukitafuta. Chukua makundi ya umri. Kenya ina majina yake: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Makala iliyotafsiriwa haraka kutoka Kiingereza huja na majina ya Uingereza, na mtoto aliyeambiwa shuleni kwamba yeye ni Chipukizi hujitafuta humo asijione. Wasichana pia. Walijitokeza wenyewe kwenye mkutano mkubwa wa skauti wa Crystal Palace, London, mwaka 1909, na mwaka uliofuata wakawa na chama chao, lakini miradi mingi huwapa aya moja mwishoni mwa makala ya wavulana. Picha nazo hupungua. Nembo za vyama ni mali ya vyama hivyo kisheria na haziwezi kupakiwa kama picha huru, na picha za kambini huonyesha watoto, ambao wazazi wao hawajaulizwa. Mratibu makini huziacha. Makala hubaki bila picha, na kwa maoni yangu ni afadhali hivyo.

Pagumu kuliko pote ni kwenye vyanzo. Kamusi elezo hudai kila jambo liwe limechapishwa mahali fulani na mtu asiye na maslahi nalo. Historia ya skauti ya wilaya nyingi za Tanzania na Kenya haijachapishwa hivyo. Imo vichwani mwa wazee, kwenye mafaili ya shule za zamani, kwenye vijitabu vya kambi vilivyopigwa chapa kwa mashine ya taipu, na kwenye magazeti ambayo hayajapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Mstaafu wa kikundi anaandika yale aliyoyaona kwa macho yake: nani alikuwa kamisaa, kambi ilipigwa wapi, wimbo gani uliimbwa. Wiki moja baadaye mhariri asiyemfahamu anayafuta kwa sababu hayana tanbihi. Mzee anaona ameitwa mwongo, mhariri anaona amefanya usafi wa kawaida. Kanuni yenyewe ni ya haki, kwani bila hiyo kila kikundi kingedai kuwa cha kwanza nchini. Ila mzigo wake haulingani: kikundi cha kitongoji cha London kina gazeti la mtaa lililokitaja mara nyingi, na kikundi cha Tabora pengine hakina hata moja linalopatikana.

Wapo wanaokwepa tatizo hilo kwa kuchukua maneno ya chama chenyewe. Kipeperushi au tovuti ya chama inanakiliwa neno kwa neno, na makala inasomeka kama hotuba ya ufunguzi: chama kinalea vijana waadilifu, kinajenga uzalendo, kinashirikiana na wadau. Makala kama hiyo ina makosa mawili, la hakimiliki na la upendeleo, na kwa kawaida haimalizi mwezi kabla ya kufutwa. Si kwamba walioiandika wana nia mbaya. Kiongozi wa skauti akiombwa aandike kuhusu skauti, ataandika anachokipenda. Ndiyo maana miradi inayokwenda vizuri humpa yeye kazi ya kutafuta nyaraka na kusahihisha, na kumpa asiye skauti kazi ya kuandika.

Mradi wa kujitolea haumaanishi mradi usio na gharama. Bajeti ya mwanzo huwa na ukumbi, nauli, chai, bando na vyeti vya ushiriki. Inayoongezeka baadaye ni ya aina nyingine. Kwanza, upeo hupanuka katikati ya kazi: mtu anauliza mbona wilaya fulani imesahauliwa, na kwa kuwa ni vigumu kumkatalia anayejitolea, orodha inarefuka bila watu kuongezeka. Pili, vyanzo vinadai safari, mtu akae siku mbili kwenye nyaraka za taifa au maktaba ya mkoa, na safari hiyo haikuwekewa fungu.

Halafu kuna mabishano, ambayo hula saa nyingi kuliko uandishi. Nchi nyingi zina chama zaidi ya kimoja kinachojiita cha skauti, na si vyote vinatambuliwa na chombo cha dunia. Je, chama kisichotambuliwa kipewe makala yake, au kitajwe ndani ya makala ya chama kinachotambuliwa? Kwenye ukurasa wa majadiliano swali hilo linaweza kuchukua wiki tatu, na watu wanaojibizana ndio hao hao waliotakiwa kuandika makala ya wiki hizo. Mabishano si hasara tupu, kwa kuwa makala iliyopita humo hutoka imenyooka. Lakini muda wake ni gharama, na mpango huiandikia sifuri.

Gharama isiyokwisha ni ya matunzo. Skauti ni harakati inayobadilika. Chama kikubwa cha Marekani kilifungua programu yake ya vijana wakubwa kwa wasichana mwaka 2019, na mwaka 2025 kikabadili jina. Kila makala iliyokitaja, katika kila lugha, ilihitaji mtu wa kuipitia. Huku kwetu viongozi hubadilika na idadi ya wanachama hupanda na kushuka, na makala iliyoandikwa “kwa sasa” huendelea kusema hivyo mwaka wa tano. Viungo vya tovuti hufa. Wanafunzi huja kuandika majina ya marafiki zao katikati ya historia. Makala 100 zisizo na mlinzi huchakaa zote kwa pamoja, na ikifika hapo mtu huomba fedha za mradi mpya wa kuandika zilezile upya.

Ripoti ya mwisho haizungumzii sana namna msomaji anavyoifikia makala, ingawa ndiyo sababu ya kazi yote. Msomaji wa Kiswahili kwa sehemu kubwa anasoma kwenye simu, kwa bando dogo. Jedwali pana la beji, lililopendeza kwenye projekta ya semina, kwenye simu hukatwa pembeni. Anayetafuta neno la Kiswahili mara nyingi huletewa kwanza ukurasa wa Kiingereza, na makala ikiwa na jina moja tu bila maelekezo kutoka tahajia nyingine, aliyeandika “maskauti” au “uskauti” anaweza asiifikie. Kurasa za maelekezo huchukua dakika chache kutengeneza. Huachwa kwa sababu hazihesabiwi kama makala. Zipo pia nakala za kamusi elezo zinazosomeka bila intaneti, na shule zisizo na mtandao huzitegemea, lakini nakala hizo hutolewa kwa awamu: makala iliyokamilika Februari inaweza kumfikia mwanafunzi wa shule hiyo baada ya miezi mingi, na iliyokuwa na makosa siku nakala ilipotolewa humfikia na makosa yake.

Ukiweka ahadi upande mmoja na matokeo upande wa pili, tofauti ni kubwa, lakini haisemi kila kitu. Mradi ulioahidi 100 ukaacha 15 zenye tanbihi, na watu wawili wanaozirudia kila baada ya miezi michache, umefanya kazi ya maana, hata kama kwenye jedwali la ripoti unaonekana umeanguka. Uliofikisha 100 siku ya tarehe ya mwisho na kuondoka umetimiza mkataba, na baada ya mwaka mmoja hautofautiani sana na mradi ambao haukufanyika. Wafadhili na waandaaji hupendelea wa pili kwa sababu unahesabika, na sioni dalili kwamba hilo litabadilika lenyewe wasipoombwa.

Anayeandaa andiko jipya anaweza kuanza na makala 20, mwaka mzima, jina la mtu wa kutunza kila moja baada ya tarehe ya mwisho, na fungu la safari ya maktaba kabla ya fungu la vyeti. Na msomaji ambaye nyumbani kwao kuna kijitabu cha kambi, gazeti la zamani au programu ya jamborii, asikichome wala kukifungia karanga. Akipeleke maktaba ya mkoa kiorodheshwe. Kikiwa na namba ya rafu, mhariri anaweza kukitaja kwenye tanbihi.