Ukienda Ujiji, Chandarua cha Watoto Kibaki Nyumbani

(Muziki wa kufungulia, kisha unashushwa)

MTANGAZAJI: Leo nazungumza na wewe uliyepata kibali cha kutoka, ukapanga kupitia Ujiji, mkoani Kigoma, kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871.

Zama zile watu waliamini homa inaletwa na hewa mbaya ya mabwawani. Livingstone aliumwa homa mara nyingi, na mke wake, Mary, alifariki kwa malaria mwaka 1862 kando ya Mto Zambezi. Mpaka mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross alipoona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Sisi tunamjua adui, kwa hiyo hatuna kisingizio.

Mbu wa malaria ni jike wa anofelesi, na huuma kuanzia jioni hadi alfajiri. Tembelea mchana. Jua likikaribia kutua, vaa mikono mirefu na suruali au kitenge kinachofika miguuni. Paka dawa ya kufukuza mbu kwenye ngozi iliyo wazi. Hata mchana usijisahau: yupo mbu mwenye madoa meupe anayeeneza homa ya dengi.

(Muziki mfupi)

Sasa chandarua. Nyumba nyingi zina kimoja tu. Safari yangu ya kwanza nilichukua kile cha wadogo zangu kwa siku nne. Wiki mbili baadaye, mdogo wangu wa miaka mitatu alilazwa na malaria. Mama hakunilaumu, lakini mimi najua nani alilala bila chandarua.

Watoto chini ya miaka mitano na akina mama wajawazito ndio malaria huwaumiza zaidi. Chandarua chao hakisafiri. Kabla hujalipia chumba, omba uone chandarua, kagua matundu, kisha kichomeke chini ya godoro. Kama hakuna, tafuta chumba kingine, au panga kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Dalili huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Ukirudi ukapata homa, baridi na kichwa kuuma, usiseme ni uchovu wa safari, wala usimeze vidonge vilivyobaki vya jirani. Nenda zahanati siku hiyohiyo ukapimwe. Ni tone moja la damu.

Safari njema, ndugu msikilizaji.

(Muziki wa kufungia)