GARI INAYUMBA NYUMA? USIKUBALI AMU ICHOMELEWE, BADILISHA!

Leo tunaiweka siasa pembeni kidogo, tunaingia uvunguni mwa gari. Najua wengi mnaosoma hapa hamna gari (hata mimi sina, mimi ni wa daladala), ila karibu kila mtu ana mjomba, baba mdogo au kaka mwenye nayo, na fundi akimwambia jambo asilolielewa anatugeukia sisi: "Wewe si unaingia kwenye intaneti kila siku, hebu niangalizie." Basi hii ni kwa ajili yenu mlioko kafe hapo, dakika zinahesabiwa.

Ishu yenyewe ni ya treilingi amu ya nyuma. Nitatumia mfano wa Honda CR-V toleo la kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1995, yenye namba ya bodi RD1, kwa sababu ndiyo ya mjomba wangu na ndiyo niliyoshinda chini yake nikishika tochi.

Ukiingia chini nyuma utaona bamba refu la chuma limelala kwa urefu wa gari. Ncha ya mbele imeshikwa kwenye bodi na bushi kubwa ya mpira, ina masikio mawili yanayofungwa kwa bolti mbili. Ncha ya nyuma ndiyo imebeba habu, beringi na breki. Halafu kuna amu nyingine tatu fupi zinakuja kwa ubavu: ya juu, ya chini, na moja ndogo karibu na mbele. Hizo fupi zinazuia tairi lisilale wala kupinda upande. Ile ndefu ina kazi yake: ukikanyaga breki au ukipiga shimo, tairi linataka kubaki nyuma wakati gari inaendelea mbele, na yeye ndiye anayelivuta lije.

Sasa bushi ikichanika, au amu yenyewe ikipinda, tairi la nyuma linaanza kuwa na akili yake. Utasikia kishindo "kdu!" nyuma ukipita tuta au ukifunga breki. Ukiachia mafuta ghafla ukiwa kwenye mwendo, mkia unachezacheza kama mtu anausukuma. Dereva anadhani ni upepo, au basi lililompita. Tairi nalo linaliwa upande mmoja, ukipitisha kiganja unahisi kama meno ya msumeno.

Kuna kipimo kimoja hakihitaji mashine wala hela. Paki gari sehemu tambarare, usukani unyooke, chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, kulia kisha kushoto. Kwa hiyo RD1 ni sentimita 262. Milimita chache siyo hoja, lakini pande mbili zikipishana karibu sentimita moja, kuna kitu kimepinda au bushi imekwisha (inaweza pia kuwa mbele, kwa hiyo angalia kote). Ya mjomba upande wa kushoto ulikuwa mfupi kwa sentimita moja na nusu. Na ni kawaida kushoto kuumia zaidi, si tunaendesha kushoto, na mashimo mengi yako pale ukingoni lami inapomegeka.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Fundi wa kwanza, wa gereji bubu moja ambayo sitaitaja, alichungulia akasema: "Mzee wangu, hii usihangaike nayo. Naipasha moto, nainyoosha, pale palipofanya ufa napiga weldingi. Saa kumi unaondoka nayo." Bei yake ilikuwa chini ya robo ya bei ya amu. Mjomba alitaka kukubali, na simlaumu, hela ni ngumu. Ila huyo huyo mjomba kila mwezi anaenda Morogoro na familia nzima ndani.

Kwa nini sikubaliani na weldingi hapa? Amu hii siyo nondo ya mlango. Ni bamba lililokunjwa kiwandani kwa vipimo, na umbo la mkunjo ndilo linaloipa nguvu. Chuma kikishapinda mara moja kimeshachoka pale pale kilipopinda. Ukikinyoosha unakipinda mara ya pili. Ukiongeza moto, sehemu iliyo kando ya weldingi inabadilika, inaweza kuwa ngumu na ya kukatika. Kwa macho itaonekana nzuri, imepakwa na rangi nyeusi inang'aa. Halafu kila tuta linaipiga, kila breki inaivuta. Siku ikiachia haiachii mkiwa mmepaki nyumbani. Itaachia kwenye breki kali, na tairi la nyuma likikosa wa kulishika gari inageuka yenyewe, usukani hausaidii kitu. Mimi nikiwa abiria wa gari hiyo, bora nishuke nipande basi.

Kama amu haijapinda na haina ufa wala kutu ya kula chuma, basi si lazima ubadilishe nzima, bushi peke yake inatosha. Bushi inatolewa na kuingizwa kwa mashine ya presi, siyo kwa nyundo. Na hapa wengi wanaharibu: ile bushi ina mkao wake. Masikio yake lazima yakae kwa pembe ile ile yaliyokuwa nayo mwanzo, kwa hiyo kabla ya kuitoa piga alama kwenye amu ukiifuata bushi ya zamani. Kama fundi anataka kuchoma mpira kwa moto ili itoke, ni sawa kama hana namna, ila AMU IWE IMESHATOKA KWENYE GARI. Kuna tanki la petroli huko nyuma jamani.

Mjomba alikubali kutafuta amu. Kwa Dar, spea hizi used kutoka Japani utazisaka Gerezani na Kariakoo. Wenzetu wa Nairobi wanajua njia ya Kirinyaga Road na Grogan. Ushauri wangu: nenda na amu ya zamani mkononi kama unaweza, au angalau picha zake kwenye simu. Kushoto na kulia ni tofauti, na ya gari inayovuta matairi manne ina nafasi ya shafti kupita katikati ya habu, kwa hiyo usipewe ya gari inayovuta mbele tu. Zilaze mbili sambamba, linganisha tundu kwa tundu. Zungusha habu kwa mkono uweke sikio: ikikwaruza kama ina mchanga, beringi imekufa, utalipa mara mbili. Kwangua rangi kidogo kwenye maungio. Muuzaji akikukataza kukwangua, mrudishie na mwende zenu. Tena angalia kutu kwa makini, kuna magari yanatoka mikoa ya Japani yenye theluji, kule wanamwaga chumvi barabarani kuiyeyusha, na chumvi inakula chini ya gari kimyakimya.

Haya, kazi. Fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu anayevaa ovaroli hata Jumapili, alianza gari ikiwa bado CHINI. Nati kubwa ya katikati ya habu inabana kweli kweli, lazima uilegeze matairi yakiwa ardhini na handibreki imevutwa, la sivyo utavuta gari nzima juu ya jeki. Ile nati ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili isifunguke, kwa hiyo kwanza unainua ule ukingo kwa patasi ndogo. Ikishatoka nunua mpya, usiirudishe. Kisha matairi ya mbele yakawekewa magogo, gari ikainuliwa, ikakaa kwenye stendi za chuma. Siyo jeki peke yake na siyo tofali! Tofali la saruji linabeba, linabeba, halafu linapasuka bila kuaga. Tairi lililotolewa alilisukumia chini ya bodi, likawa akiba kama stendi ingesaliti.

Baada ya hapo handibreki inalegezwa, drami inatoka, waya wa handibreki na paipu ya breki vinaachanishwa na amu. Nati ya paipu ni ya spana 10, na ni laini, tumia ile spana inayoikumbatia nati pande zote, ukitumia ya kawaida utaiviringa. Ziba ncha ya paipu vumbi lisiingie, na mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari mwagia maji haraka, yanakula rangi.

Bolti ndizo zilizokula nusu siku. Alizimwagia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake jioni, na bado ile ya amu ndogo ya mbele iligoma. Mara nyingi tatizo siyo nati, ni bolti kuganda na kutu ndani ya bomba la chuma lililo katikati ya bushi. Unazungusha, mpira unajipinda, bolti haitoki. Ikifika hapo kata kwa grainda, weka bolti mpya ya daraja lile lile la ugumu, usiokote yoyote kwenye kopo la misumari. Kabla ya kufungua sehemu yoyote ya kurekebishia mwelekeo wa tairi, mkwaruzo mmoja wa alama unakuokoa baadaye. Na kabla ya kutoa bolti ya chini ya shokapu, jeki ndogo iwe imeshika chini ya amu ya chini isidondoke kwa kishindo. Shafti ikigoma kutoka kwenye habu, weka kipande cha mbao ndipo ugonge. Ukigonga meno ya shafti kwa nyundo, umejitafutia safari nyingine ya Gerezani.

Kurudisha ni kinyume chake, isipokuwa jambo moja, na hili ndilo lililonifanya niandike yote haya. Zile amu tatu fupi, nati zake USIZIKAZE KABISA tairi likiwa linaning'inia. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, unafanya kazi kwa kujipinda huku na huku. Ukikaza gari ikiwa juu, umeuambia mpira kwamba mkao wake wa kupumzika ni huo wa kuning'inia. Ukishusha gari, mpira unakaa umejisokota saa zote, hata gari ikiwa imepaki. Haumalizi muda unachanika, na wewe unamlaumu muuzaji kwamba kakupa feki. Yule mzee alikaza kwa mkono tu kwanza, akaweka jeki chini ya amu ya chini, akapandisha mpaka gari ikaanza kunyanyuka kidogo kutoka kwenye stendi, hapo ndipo akakaza mpaka mwisho. Ni kama dakika tano za ziada. Ukimwona fundi anakaza zote tairi likining'inia, muulize kwa heshima tu: "Fundi, hizi hatuzikazi gari ikiwa na uzito wake?" Atakayejua atacheka.

Kisha breki zinatolewa upepo, kwa mafuta ya DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo (yakikaa wazi yananyonya unyevu wa hewa), mpaka pedali iwe ngumu. Nati za matairi ya Honda hii ni nyutoni mita 108, wenye spana ya kupimia wanasema kilo 11. Spana hiyo ikikosekana, kaza kwa msalaba wa kawaida, ila usiupande kwa miguu miwili.

Halafu usiende Morogoro! Nenda kwenye alaimenti kwanza, na uulize kabla ya kulipa kama mashine yao inapima matairi yote manne. Ukirekebishiwa ya mbele peke yake, usukani utanyooka lakini tairi la nyuma linaweza kubaki limeangalia pembeni, na tairi jipya litaliwa vile vile. Mjomba alipimiwa manne, nyuma kushoto ikarekebishwa kidogo. Kipimo cha futi kamba sasa kinasoma sawa pande zote mbili. Baada ya kilomita kama 100 alirudi kwa yule mzee, bolti zikapitiwa tena na spana, na paipu ya breki ikaangaliwa kama inavuja. Kishindo hakuna.

Bushi ya kulia bado ni ya zamani, ina nyufa ndogo, imepangiwa mwisho wa mwezi. Mwenye CR-V, Civic au hata gari nyingine yenye amu ya namna hii aliyeshabadilisha, adondoshe hapo chini ilimchukua muda gani na bolti ipi ilimsumbua. Na kama kuna fundi anayeona nimepotosha mahali, aseme waziwazi, hapa hatununi.